Kutoka Kambini hadi Ofisi ya Liwali: Maisha na Utumishi wa Jenerali Kâzım Dirik wa Uturuki (1881–1941)

1.0 Utangulizi

Mtafiti anayesoma historia ya Uturuki ya miaka ya 1920 hukutana mapema na tatizo la majina. Katika jeshi lililopigana vita vya ukombozi vya 1919 hadi 1922 walikuwamo makamanda kadhaa walioitwa Kâzım, na kwa kuwa Waturuki wengi wa wakati huo hawakuwa na majina ya ukoo yaliyosajiliwa, nyaraka huwatofautisha kwa cheo, kwa kikosi au kwa mji wa kuzaliwa. Sheria ya Majina ya Ukoo ya 1934 ndiyo iliyowatenganisha rasmi. Mmoja akawa Karabekir, wa pili Özalp, wa tatu Orbay, wa nne İnanç. Na wa tano, ambaye hadi hapo alijulikana kama Kâzım wa Manastır, akawa Dirik, neno la Kituruki lenye maana ya aliye hai au mchangamfu. Makala hii inamhusu huyu wa tano.

Wasomi wengi humtaja Dirik kwa matukio mawili tu. La kwanza ni la Julai 1919, alipomwacha Mustafa Kemal siku ileile ambayo kiongozi huyo alivua sare ya jeshi. La pili ni la Juni 1926, alipokuwa mtawala wa İzmir na ofisi yake ikapokea habari iliyookoa maisha ya Mustafa Kemal huyohuyo. Kutokana na matukio hayo mawili imejengeka picha ya mtu aliyekosa, akasamehewa, kisha akalipa deni lake. Makala hii inadai kwamba picha hiyo, ijapokuwa inavutia, haitoshelezi. Tukiyatazama maisha yake yote kwa pamoja, tunamwona mtu mmoja asiyebadilika sana: ofisa aliyeitii ofisi kabla ya kumtii mwenye ofisi. Tabia hiyo ndiyo iliyomfanya aonekane dhaifu mwaka 1919, ikamfaa mwaka 1926, na ikamponza mwaka 1930.

2.0 Mintarafu ya Istilahi

Kabla ya kuendelea, inafaa tueleze uteuzi wa istilahi moja. Cheo alichokishika Dirik huitwa kwa Kituruki vali. Neno hilo lina asili ya Kiarabu, na ni ndugu wa damu wa neno letu liwali, isipokuwa Kiswahili kilimeza pia kibainishi cha Kiarabu kilicholitangulia. Kadhalika eneo analolitawala vali liliitwa vilayet, ambalo ni ndugu wa neno wilaya. Hata hivyo, undugu wa maneno si usawa wa maana. Vilayet ya Kituruki ilikuwa ngazi ya juu ya utawala chini ya serikali kuu, ilhali wilaya ya Tanzania iko chini ya mkoa. Kwa sababu hiyo, katika makala hii tutatumia liwali kwa maana ya vali, na jimbo kwa maana ya vilayet. Msomaji aliyezoea liwali wa miji ya pwani, ambaye mamlaka yake yalikuwa na mipaka myembamba, hana budi kumpanua: liwali wa Kituruki alisimamia polisi, barabara, shule, afya na kodi za jimbo zima, na aliteuliwa na serikali kuu bila kupigiwa kura.

3.0 Malezi na Safari ya Samsun

Dirik alizaliwa mwaka 1881 huko Manastır, mji wa Makedonia uliokuwa wakati huo chini ya Dola ya Uthmaniya na ambao leo huitwa Bitola, katika nchi ya Makedonia Kaskazini. Manastır ulikuwa mji wa kambi na wa shule za kijeshi. Mustafa Kemal mwenyewe, aliyekuwa mzaliwa wa Salonika, alisoma sekondari ya kijeshi hapo. Kijana aliyekulia katika mji huo aliona dini nyingi, lugha nyingi na magenge mengi ya silaha, na aliona pia kwamba njia ya mtoto wa kawaida kufika mbali ilipitia jeshini. Dirik aliifuata njia hiyo hadi chuo cha kijeshi cha Istanbul na kada ya wanadhimu.

Mwaka 1912, katika Vita vya Kwanza vya Balkani, Manastır ulitekwa na jeshi la Serbia na haukurudi tena mikononi mwa Uthmaniya. Jambo hili lisipitwe kijuujuu. Maofisa wengi walioiunda Jamhuri ya Uturuki walikuwa wana wa miji iliyopotea. Waliitumikia nchi ambayo makaburi ya wazazi wao hayamo ndani ya mipaka yake. Miaka zaidi ya 20 baadaye, Dirik alipopewa kazi ya kuwapokea wahamiaji kutoka Balkani, alikuwa akiwapokea watu waliopotewa na kile alichopotewa yeye.

Vita Kuu ya Kwanza ilipomalizika kwa kushindwa kwa Dola, Dirik alikuwa kanali. Mei 1919 Mustafa Kemal aliteuliwa kuwa mkaguzi wa vikosi vya Jeshi la Tisa huko Anatolia, naye Dirik akawa mnadhimu mkuu wa ukaguzi huo. Tarehe 16 Mei waliondoka Istanbul kwa meli ndogo iliyoitwa Bandırma, na tarehe 19 Mei wakashuka Samsun. Siku hiyo baadaye ilifanywa kuwa mwanzo rasmi wa vita vya ukombozi. Miongoni mwa abiria wenzake walikuwamo Kanali Refet, daktari İbrahim Tali, daktari Refik ambaye baadaye alikuwa waziri mkuu, na ofisa mnadhimu Arif. Tunaomba msomaji ayahifadhi majina ya Refet, Arif na İbrahim Tali, kwani tutakutana nayo tena.

4.0 Erzurum, Julai 1919

Usiku wa tarehe 8 kuamkia 9 Julai 1919, huko Erzurum, mvutano baina ya Mustafa Kemal na serikali ya Sultani ulifika kilele. Aliondolewa katika wadhifa wake, naye akajiuzulu jeshini. Kuanzia saa hiyo hakuwa jenerali wala mkaguzi. Alikuwa raia anayetafutwa na serikali.

Kwa mujibu wa kumbukumbu za waliokuwapo, Dirik alikwenda kwake akamweleza kwamba, kwa kuwa hakuwa tena na cheo cha kijeshi, yeye hangeweza kuendelea kuwa mnadhimu wake. Kwamba angeomba kazi kwa Kâzım Karabekir, kamanda wa majeshi ya eneo lile. Na kwamba alitaka kujua amkabidhi nani nyaraka za ofisi. Mustafa Kemal aliumia sana. Alidhani kwamba Karabekir naye, ambaye Istanbul ilitaka amkamate, angefanya vivyo hivyo. Mambo yakawa kinyume: Karabekir alifika na kumhakikishia kwamba yeye na jeshi lake wangeendelea kumtii.

Hivyo siku zilezile Kâzım wawili walitoa majibu mawili kwa swali moja, yaani iwapo utii ni wa cheo au wa mtu. Historia ilimpa haki Karabekir. Lakini mtafiti makini hana budi kutambua kwamba Dirik hakukimbilia Istanbul, hakutoa siri, wala hakuchukua nyaraka. Alizikabidhi, akaenda kutumika chini ya kamanda aliyekuwa upande uleule. Ukiondoa uchungu wa mwenye kuachwa, kitendo chake kilikuwa makabidhiano ya ofisi kama kanuni zilivyotaka. Kosa lake lilikuwa kudhani kwamba usiku ule ulikuwa usiku wa kanuni.

Mustafa Kemal hakumtupa. Mwaka 1921 Dirik aliiwakilisha Serikali ya Ankara huko Tbilisi, Georgia, na baada ya Jamhuri kutangazwa tarehe 29 Oktoba 1923 alihamishiwa katika utawala wa kiraia. Alianza na Bitlis, jimbo la milimani mashariki mwa nchi, katika kipindi kilichotikiswa na uasi wa Sheikh Said wa mwaka 1925. Mwaka 1926 akapelekwa İzmir, mji wa pili kwa umuhimu wa kibiashara nchini.

5.0 İzmir: Habari ya Mwenye Mashua

İzmir aliyoikuta Dirik ilikuwa nusu mji na nusu majivu. Moto wa Septemba 1922 uliteketeza sehemu kubwa ya mitaa ya Wagiriki na Waarmenia, na makubaliano ya Januari 1923 ya kubadilishana wakazi baina ya Uturuki na Ugiriki yaliondoa wafanyabiashara na mafundi, yakaleta wakulima waliokuwa hawajaujua mji. Liwali alitakiwa kuifufua bandari ambayo watu wake wa zamani hawakuwapo.

Hakuwa amekaa miezi mingi yalipotokea ya Juni 1926. Mustafa Kemal alikuwa njiani kuja İzmir, na kundi la watu lilipanga kumuua mjini humo. Safari ilichelewa kwa muda huko Balıkesir. Katika muda huo mwenye mashua mmoja, Şevki wa Krete, aliyekuwa amekodiwa kuwavusha wauaji hadi kisiwa cha Kigiriki cha Chios, aliingiwa na hofu akatoa taarifa kwa wakuu wa mji. Liwali aliipeleka habari hiyo kwa Mustafa Kemal, washukiwa wakakamatwa na silaha zao, na kiongozi akaingia İzmir salama tarehe 16 Juni.

Hadi hapo ni hadithi ya mtumishi aliyetimiza wajibu. Yaliyofuata ni mazito zaidi. Mahakama ya Uhuru, iliyokuwa na mamlaka ya pekee na isiyokubali rufaa, ilianza kusikiliza kesi mjini İzmir tarehe 26 Juni. Wavu wake uliwanasa wauaji wenyewe, lakini pia uliwanasa viongozi wa upinzani na makamanda wa vita vya ukombozi. Karabekir, yule aliyebaki mtiifu Erzurum, alisimamishwa kizimbani. Refet, abiria wa Bandırma, alisimamishwa pia. Hao wawili waliachiwa huru. Arif hakuachiwa. Usiku wa kuamkia tarehe 14 Julai watu 13 walinyongwa İzmir, na Arif alikuwa mmoja wao.

Tuitazame hali ya liwali katika majira hayo. Wanadhimu wawili walishuka Samsun katika meli moja. Miaka saba baadaye mmoja alikuwa mtawala wa mji ambamo mwingine alitundikwa kitanzini. Yule aliyeondoka Erzurum alikuwa na wadhifa na heshima, ilhali yule aliyebaki alikuwa mshtakiwa. Haya hayathibitishi kwamba Dirik alikuwa mwerevu kuliko Karabekir au Arif. Yanathibitisha kwamba dola mpya ilikuwa ikijifunza kuwapendelea watu wa aina yake: wasio na chama, wasio na jeshi nyuma yao, na wasiotaka kitu zaidi ya kazi waliyopewa.

6.0 Barabara, Vijiji na Herufi

Dirik alikaa İzmir hadi mwaka 1935, muda mrefu kwa liwali wa enzi ile. Katika miaka hiyo tabia ya mnadhimu ilionekana katika kila jambo alilolishika. Alizunguka vijijini kama mkaguzi wa vikosi. Alihimiza utekelezaji wa Sheria ya Vijiji ya 1924, iliyokitaka kila kijiji kukausha madimbwi yanayozalisha mbu, kuleta maji safi, kutengeneza njia na kujenga shule, kwa kutumia imece, desturi ya kazi ya pamoja inayofanana na msaragambo. Hapa ndipo ugumu wa kazi yake ulipojificha. Msaragambo huwa na nguvu unapoitishwa na majirani. Ukiitishwa na liwali aliyekuwa jenerali, mpaka kati ya hiari na amri hufifia. Wanakijiji walipata barabara, na pia walijifunza kuogopa ziara ya mkuu.

Katika utamaduni alifanya mambo ambayo hayakutarajiwa kwa askari. Mwaka 1927 aliongoza uanzishaji wa chama cha wapenzi wa mambo ya kale cha İzmir, na mwaka huohuo makumbusho ya mji yalifunguliwa katika lililokuwa kanisa la Kigiriki la Ayavukla. Mwaka 1932 ulianza uchimbuaji wa soko kuu la kale la Smyrna. Mwaka 1927 yalifanyika pia maonyesho ya bidhaa yaliyopewa jina la tarehe 9 Septemba, siku ambayo jeshi la Uturuki liliingia İzmir mwaka 1922. Kutokana na mwanzo huo yakakua maonyesho ya kimataifa ya mji huo.

Kwa mwanaisimu, hata hivyo, jambo lenye uzito kuliko yote ni mabadiliko ya hati. Sheria ya tarehe 1 Novemba 1928 iliondoa herufi za Kiarabu na kuweka za Kilatini. Magazeti yalipewa mwezi mmoja, na ofisi za serikali zilitakiwa kuandika kwa herufi mpya kuanzia Januari 1929. Mwezi huohuo zilifunguliwa Shule za Taifa kwa watu wazima wa miaka 16 hadi 45, na maliwali walipewa wajibu wa kuzisimamia majimboni. Dirik, ofisa ambaye amri zake zote za vita ziliandikwa kwa hati ya Kiarabu, alipaswa kujifunza upya kuandika akiwa na umri wa miaka 47, na papo hapo kuhakikisha kwamba jimbo zima linajifunza.

Mlinganisho na Kiswahili hauepukiki. Lugha yetu nayo iliandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa karne kadhaa kabla ya kupewa za Kilatini, na kamati ya lugha iliyokusudia kusanifisha tahajia yake katika makoloni ya Waingereza ilianza kazi Januari 1930, yaani mwaka mmoja tu baada ya Shule za Taifa za Uturuki. Lakini mwendo ulikuwa tofauti. Kwetu hati mpya iliingia taratibu kupitia misheni, shule na serikali ya wageni, na hati ya kale ikaendelea kuishi katika barua na tungo za watu wa pwani. Kwa Waturuki iliingia kwa sheria yao wenyewe, kwa tarehe maalumu, na mikono ya kuitekeleza ilikuwa ya watu kama Dirik. Mageuzi ya lugha yanayosimuliwa katika vitabu vyetu kama kazi ya wanaisimu, kwa hakika yalitegemea watawala waliojua kuhesabu madawati na walimu.

7.0 Septemba 1930

Agosti 1930 Mustafa Kemal alimruhusu rafiki yake Fethi kuanzisha Chama Huru cha Jamhuri, ili liwepo bunge lenye upinzani wa wastani. Mapema Septemba Fethi alifika İzmir. Watu waliofurika bandarini kumlaki walikuwa wengi kuliko serikali ilivyowaza. Mdororo wa bei za zabibu, tini na tumbaku ulikuwa umewachosha.

Liwali aliona vurugu na akatafuta utulivu. Alimshauri Fethi asihutubie. Fethi alimpelekea Mustafa Kemal simu ya maandishi, na jibu likaja kwamba hotuba ifanyike na amani ilindwe. Katika ghasia za siku hizo, mbele ya jengo la gazeti lililoiunga mkono serikali, polisi walifyatua risasi na mvulana mmoja akafa. Baba yake alimbeba hadi kwa Fethi. Hotuba ilifanyika tarehe 7 Septemba, lakini chama kilivunjwa Novemba mwaka huohuo.

Hapa ndipo tabia ya Dirik ilipogota. Umati uliokuwa mbele yake haukuwa uasi, wala haukuwa kikosi cha kupangwa mistari. Walikuwa raia waliokuwa na neno la kusema. Aliyezoea kuitii ofisi hakuwa na kanuni ya kumwongoza pale ambapo wananchi walitaka kitu ambacho ofisi haikukitarajia. Ukumbusho wowote wa barabara na makumbusho yake unaoacha kumtaja mvulana yule ni pungufu.

8.0 Thrace: Kuwapokea Waliopotewa

Mwaka 1935 Dirik aliteuliwa Mkaguzi Mkuu wa Thrace, akiwa na makao Edirne na mamlaka juu ya majimbo manne: Edirne, Kırklareli, Tekirdağ na Çanakkale. Alimrithi İbrahim Tali, yule daktari wa meli ya Bandırma. Alilirithi pia jeraha. Kiangazi cha 1934, kabla ya kufika kwake, Wayahudi wa eneo hilo walishambuliwa na kuporwa, na maelfu wakakimbilia Istanbul.

Kazi yake kubwa ilikuwa kuwapatia makazi Waislamu waliokuwa wakihama kutoka Bulgaria na Romania. Walihitaji nyumba, mbegu, wanyama wa kulimia na shule. Katika miaka hiyo, mwaka 1937, ulitolewa mchoro wa kijiji bora cha Jamhuri unaofungamanishwa na jina lake: kijiji chenye umbo la duara, nyumba zikiizunguka katikati, kikiwa na shule, msikiti, chumba cha kusomea, zahanati, simu na hata makumbusho. Mchoro huo ni wasifu wa mchoraji. Kila kitu kina mahali pake na namba yake. Kilichokosekana ni mkulima anayejenga banda pale anapotaka. Mwaka uliofuata, kwa namna inayoonyesha upande wake mwingine, alichapisha kitabu kuhusu mazulia ya Kituruki ya kale na mapya.

Aprili 1941 majeshi ya Ujerumani yaliiteka Ugiriki, na Thrace ikawa mpaka wa vita. Tarehe 3 Julai 1941 Dirik alifariki dunia Edirne, akiwa bado kazini.

9.0 Hitimisho

Leo mtaa mmoja wa Bornova, İzmir, unaitwa kwa jina lake. Makala hii imejaribu kuonyesha kwamba mwenye jina hilo hakuwa msaliti aliyetubu wala shujaa wa kuchongwa sanamu. Alikuwa mfano wa tabaka lililoijenga dola ya Kituruki kwa mikono: maofisa waliohamisha nidhamu ya kambi na kuipeleka shuleni, barabarani na kijijini. Nidhamu hiyo iliweza kufundisha herufi mpya na kuwapa makazi watu waliofukuzwa na historia. Haikuweza kusikiliza. Karabekir alijua kumtii mtu, Dirik alijua kuitii ofisi. Kuwasikiliza wasio na ofisi ni somo ambalo kizazi chao kiliwaachia wajao.

Kwa wanafunzi wa lugha, tunapendekeza utafiti wa kulinganisha istilahi za utawala zenye asili ya Kiarabu katika Kituruki na Kiswahili, kama vile liwali, wilaya, askari na jamhuri. Maneno hayo yalitoka chemchemi moja, yakatumikia dola mbalimbali, na kila dola iliyatia maana iliyoihitaji.